Jicho la Mama Mkwe

Siku mke wangu aliponiambia kwamba mama yake anakuja kukaa Kitale, nilikuwa nakata kucha za mtoto wetu wa kiume, na habari hiyo ikanifanya nimkate nyama. Mtoto akalia. Dada yake, ambaye hakuwa ameguswa, akalia kwa kumsaidia. Mke wangu akasema kwa utulivu kwamba hajasema mama anakuja kunila, amesema anakuja kufanyiwa upasuaji wa jicho.

Mimi ni mtu wa wasiwasi, sikatai. Nikifunga duka, natembea kidogo kisha narudi kutikisa kufuli. Mtoto akikohoa mara moja, nalala nikimsikiliza. Lakini safari hii wasiwasi wangu ulikuwa na haki yake. Kwetu Bungoma, mwanamume na mama mkwe wake hawana mchezo. Hawapeani mikono, hawali pamoja, hawaangaliani usoni, na hawalali chini ya paa moja hata kama nje kunanyesha mvua ya mawe. Najua vijana wa siku hizi wanapiga picha na mama wakwe zao wakikumbatiana, na hiyo ni shauri yao. Mama mkwe wangu ni mtu wa zamani, na mimi nililelewa na watu wa zamani. Ipo njia ya kuuondoa huo mpaka: wazee wanakaa, mbuzi anachinjwa, mnashikana mikono mbele ya watu na mambo yanaisha. Lakini baba mkwe alifariki kabla hatujafika huko, na baada ya hapo hakuna aliyekuwa na moyo wa kuulizia mbuzi. Basi tukaendelea kukimbiana.

Na ninaposema kukimbiana, naongea juu ya miguu. Binti yetu alipozaliwa, mama alitoka kwake Kabuchai na kuku na ndizi kuja kumsaidia mwanawe, nami nikahamia kwa rafiki yangu, fundi cherehani anayepanga nyumba katika ploti hiyohiyo yetu, hatua chache kutoka mlangoni kwangu. Siku moja nilirudi kuchukua shati. Nilianza kukohoa tangu getini ili mama ajue niko njiani. Alinisikia vizuri sana. Kwa heshima, akatoka na mlango wa nyuma ili aniachie nyumba. Mimi nami, kwa heshima hiyohiyo, nikazungukia nyuma ili nimwachie sebule. Tukagongana kwenye tanki la maji. Alijifunika leso kichwa kizima, nami nikachutama nyuma ya tanki kama mwizi wa kuku, na tukabaki hivyo hadi mke wangu akaja, ameshika mshono wake, akituomba tusimchekeshe. Mama alirudi Kabuchai jioni ileile, na kiatu kimoja akakiacha.

Hapo nilijifunza jambo moja kuhusu yeye. Akiona haya, huondoka. Hagombani, hanuni, habembelezwi. Anafunga mzigo wake tu na kwenda.

Safari hii hakupaswa kuondoka. Jicho lake la kulia lilikuwa limekufa miaka mingi, na la kushoto, hilo moja alilobaki nalo, lilikuwa limefunikwa na mtoto wa jicho. Alikuwa anamimina chai kando ya kikombe. Shemeji yangu alimkuta akilisalimia gunia la mahindi lililoegemezwa ukutani, tena kwa heshima, akiuliza habari za nyumbani. Mke wangu alihangaika mpaka akampatia nafasi katika hospitali moja hapa mjini, na daktari akaeleza wazi: baada ya upasuaji jicho litafungwa, kesho yake lifunguliwe, kisha aendelee kuangaliwa na kutiwa matone ya dawa, asiiname, asigongwe, asikae kwenye moshi. Jiko la mama ni la kuni. Njia ya kwake, wakati wa kubeba miwa, ni vumbi tupu. Akiona haya na kurudi Kabuchai mapema, jicho hilo lingeharibika, na hakuwa na lingine la akiba.

Rafiki yangu ndiye aliyenitoa kwenye shida ya paa. Yeye na mkewe ni Waislamu wa hapa mjini, watu wa karibu na msikiti, na mila zetu za Bungoma huwafurahisha kuliko sinema. Akasema mama atalala kwao. Mchana atashinda kwetu na wajukuu wake, mimi nikiwa dukani. Jioni, kabla sijarudi, atahamishwa. Nilimshukuru karibu nilie. Akanipiga begani akasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, ila kwa ninavyoyaona mambo mimi, bwana mkwe, jembe utapewa wewe.

Mpango ulikuwa mzuri. Ulisahau watoto tu.

Binti yetu alikuwa na miaka mitano na mdogo wake mitatu. Kwa kuwa mimi na mama hatukuweza kusemezana, na mke wangu hakuweza kuwa katikati yetu saa zote, binti alijiteua kuwa balozi. Asubuhi ya kwanza, mama alipoletwa mapema kabla sijatoka, nilisimama jikoni nikamwambia mtoto ampe kukhu, yaani bibi yake, pole ya safari. Nikamsikia sebuleni akisema kwa sauti kubwa kwamba baba anasema pole na safari, na anasema unipatie ile ndizi kubwa. Mama akampa ndizi. Akamtuma arudishe asante, aseme nyumba ni nzuri. Mtoto akaja jikoni, mdomo umejaa, akanijulisha kwamba kukhu anasema asante, nyumba ni nzuri, na watoto wa nyumba hii wasiogeshwe leo.

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Kila ujumbe ulivuka sebule ukiwa umeongezwa mkia. Kukhu alisema tununuliwe soseji. Baba alisema kukhu asimulie ile hadithi ya fisi tena, na tena. Siku moja nilirudi kuchukua kitabu cha risiti nikakuta mama ameelezwa kwamba mimi huwa nalia nikiona mende. Si kweli kabisa. Huwa napiga kelele kidogo, tena ni yule anayeruka. Kesho yake mke wangu alikuta chumba chetu kimefagiwa hadi chini ya kabati, na mlangoni kumewekwa majani fulani ya kwao yanayofukuza wadudu. Nilikaa kitandani nikayatazama majani yale muda mrefu. Mtu ambaye haoni kikombe alikuwa amepapasa sakafu yangu yote.

Na hapo ndipo wasiwasi wangu ulipoongezeka, badala ya kupungua, maana sasa nilikuwa nampenda yule mama. Usipompenda mtu, unaogopa lawama tu. Siku moja kabla ya upasuaji nilikuwa bombani uani, mke wangu anaosha vyombo, mimi nasuuza. Nikamuuliza mama ataenda lini. Nilitaka kujua kama atakaa hadi amalize kuangaliwa, kwa sababu nilishamwona akikunja nguo zake, nikaingiwa na hofu. Mke wangu akasema tutajua baada ya daktari. Yakaisha. Pembeni yetu binti alikuwa anamwosha mwanasesere masikio, na mimi, mwenye wasiwasi wa kila kitu, sikuwa na wasiwasi na yeye.

Siku ya upasuaji sikuwa na akili. Mkulima mmoja wa Endebess alikuja dukani kwangu, nauza mbegu na dawa za mifugo, akaomba dawa ya ng'ombe. Nikampa ya kuku. Alifika hadi kwenye pikipiki yake, akasoma, akarudi kuniuliza kama ninataka ng'ombe wake atage. Nikacheka kwa sababu yeye alicheka. Mchana mke wangu akapiga simu: wamemaliza, imekwenda salama, jicho limefungwa, wamerudi nyumbani na mama amekaa barazani kwa rafiki yangu anakunywa uji. Yeye anakimbia duka la dawa kununua matone, mke wa rafiki yangu yuko na mama. Nikashukuru Mungu. Nikamhudumia mteja aliyefuata bila makosa, nikaona kweli mimi ni mwanamume.

Simu ya pili ilikuja baada ya adhana ya alasiri. Alikuwa mke wa rafiki yangu, na pumzi zake zilikuwa juu. Alisema mama hayupo. Nikamuuliza hayupo wapi, swali la kijinga kama lipo. Alisema hayupo kwenye kiti, hayupo kwetu, hayupo chooni, na watoto pia hawapo.

Nilitoka mbio. Nilimwachia duka mama anayeuza miche ya sukuma wiki kando ya barabara, hata sikumalizia sentensi. Nilikuwa nimepita njia ya mkato na kufika kwenye kinu cha kusaga nilipotaka kumpigia mke wangu, nikagundua kitu nilichokuwa nimekishika muda wote huo ni kalkuleta. Simu ilikuwa imebaki mezani dukani. Sikurudi. Nilikimbia na kalkuleta yangu hadi nyumbani.

Mke wa rafiki yangu alikuwa amesimama katikati ya uwanja na mtandio umemteleza. Alikuwa analia. Alinieleza alivyomwacha mama barazani na watoto wakicheza miguuni pake, akaingia ndani kuswali, mlango wazi. Akiwa kwenye rakaa ya pili alimsikia binti yangu akisema, "Kukhu, baba anauliza utaenda lini." Alisikia na moyo ukamshtuka, lakini alikuwa katika swala. Alipotoa salamu na kutoka, kiti kilikuwa kitupu na kifurushi cha mama kimeondoka. Mumewe alikuwa ameshachukua baiskeli kuelekea steji ya magari ya Bungoma.

Nilikaa chini palepale kwenye udongo. Nilimwona mama akiinama kupanda gari. Nilimwona mtu wa mzigo akimgonga na kiwiko. Niliona lami tuliyo nayo kati ya mtaa wetu na mji, na malori ya mahindi yanavyoteremka pale bila huruma, na mama haoni hata mkono wake mwenyewe, na anayemwongoza ni mtu ambaye bado hajui kiatu cha kushoto ni kipi. Jicho lilikuwa hatarini, na sasa watoto wangu pia walikuwa hatarini, na yote kwa maneno niliyoyasema nikisuuza sufuria. Mke wa rafiki yangu akanishika mkono akaniinua, akaniambia tafadhali niende nikatafute, kulia tutalia wakirudi.

Anayechoma mahindi kwenye kona ndiye aliyenipa habari ya kwanza. Alisema ndiyo, amewaona, na ati alidhani ni mchezo wa kanisa. Mtoto wa kike alikuwa mbele akivuta vipofu wawili. Nikamuuliza wawili vipi. Akasema mzee mmoja wa kike amefungwa jicho bendeji, na kitoto cha kiume kimefungwa soksi machoni. Kumbe mdogo mtu naye alikuwa ameomba bendeji kama ya kukhu, na dada yake, kwa kuwa hakuna asichoweza, akamfanyia upasuaji wake. Wote watatu walikuwa wameshikana mikono, wanaimba wimbo wa shule ya chekechea.

Kwenye lami, kijana wa bodaboda akaniambia ni yeye aliyewavusha. Alisimamisha malori mawili. Aliwauliza wanakwenda wapi na yule msichana akasema Bungoma, na akaonyesha njia ya kwenda madukani. Nikamwambia steji iko upande mwingine kabisa. Akasema, "Hata mimi nilimwambia hivyo, mzee. Akaniambia mimi sijui."

Nikasimama nikafikiri, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu simu ile. Binti yangu hakuwahi kupelekwa steji. Hajui sokoni. Hajui hospitali. Katika mji wote wa Kitale kuna njia moja anayoijua mwenyewe, ile tunayopita kila Jumamosi tukienda kwenye duka langu. Yeye alikuwa ameombwa ampeleke kukhu mahali pa kwenda Bungoma, na yeye akampeleka mahali anapopajua.

Nilirudi nikikimbia. Mama wa miche alikuwa amesimama mlangoni mwa duka langu, mikono kiunoni, na aliponiona akaweka kidole mdomoni. Akanivuta kando akaninong'oneza kwamba wageni wangu wamefika zamani, wanangoja gari lijae. Mtoto ndiye aliyetangaza kwamba hapa ni steji, na yeye, mama wa miche, aliona akibisha, yule mzee atainuka na kuingia barabarani, kwa hiyo akamwambia ndiyo mama, kaa, gari linakuja. Alikuwa ameshamwambia hivyo mara kadhaa na aliona aibu kwa uongo wake.

Mama alikuwa amekaa juu ya gunia la chakula cha kuku, mgongo umenyooka, kifurushi mapajani. Bendeji kubwa nyeupe ilifunika nusu ya uso wake, na lile jicho lingine lilitazama bure ukuta wa dawa za kupe. Mdogo mtu alikuwa amelala ameegemea paja lake, soksi bado machoni. Binti alikuwa juu ya gunia la pili, anazungusha miguu, na aliponiona akafungua mdomo. Nilimtikisia kichwa. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, alifunga mdomo bila kuambiwa mara mbili.

Mama alisikia nyayo zangu. Akageuza kichwa. "Kijana," akasema, "hii gari imebakisha watu wangapi?"

Ningeweza kukohoa, angenijua mara moja. Sikukohoa. Niliogopa ataruka, ataondoka tena, na barabara ilikuwa pale mlangoni. "Imebakisha wachache, mama," nikasema. Hayo ndiyo maneno ya kwanza niliyowahi kumwambia mama mkwe wangu mwenyewe kwa mdomo wangu, na yalikuwa uongo juu ya gari ambalo halipo.

Akaniomba nimweke mbele, karibu na dereva, kwa sababu jicho limetoka kupasuliwa na hataki kubanwa. Nikamuuliza mbona anasafiri na jicho la namna hiyo. Alikaza kifurushi chake mapajani. Kisha akasema alikuwa kwa mkwe wake, na mkwe wake ni mtu mzuri, mtu wa heshima, humkimbia vizuri naye humkimbia vizuri. Ila leo mkwe ameuliza ataenda lini. "Mtu akikuuliza hivyo," akasema, "hungoji akuulize mara ya pili."

 Sikupata nafasi ya kujibu. Mdogo mtu aliamka, akapapasa soksi yake, akainua uso kuelekea sauti yangu na kusema kwa furaha, "Baba, mimi ni kipofu."

Mkono wa mama uliruka kwenda kwenye leso iliyokuwa begani ili ajifunike, upesi, kama alivyofanya siku ile na miaka yote, na niliona kiganja kikija moja kwa moja juu ya bendeji. Sikufikiri mila wala wazee. Niliudaka mkono wake hewani nikaushika.

"Usiguse jicho, mama," nikasema. "Tafadhali."

Hakuuvuta. Mama wa miche, aliye mtu wa kwetu na aliyeelewa alichokiona, akageuka akaanza kumwagilia miche ambayo alikuwa ameshaimwagilia. Mimi nilibaki nimepiga magoti kwenye sakafu ya duka langu, nimeshika mkono wa mama mkwe wangu, mkono mgumu wa jembe. Nikamwambia yote kwa haraka: kwamba niliuliza ataenda lini kwa sababu nilimwona akikunja nguo, na niliogopa ataenda kabla jicho halijapona, na swali lile lilikuwa la mke wangu na sufuria, halikuwa lake. Nilisema pia kuhusu majani ya mlangoni. Sijui kwa nini niliyasema hayo.

"Mkono wako unatetemeka, mkwe," akasema.

"Naogopa, mama."

"Unaogopa mbuzi?"

"Naogopa jicho."

Akainamisha kichwa, kisha akakumbuka amekatazwa kuinama, akakiinua. Alipoongea, aliongea polepole, na hakuwa akimwambia mtoto aniambie.

"Maneno ya mtoto ilikuwa sababu tu," akasema. "Nilikuwa naitafuta tangu asubuhi. Kesho wanafungua hii kitu. Wakifungua na kuwe giza, basi imekwisha. Lakini kama haijafunguliwa, naweza kukaa kwangu nikisema labda naona. Kwangu najua kila kitu kilipo."

Nilitaka kumwambia daktari ni mzuri, imekwenda salama, Mungu yupo, na yote hayo yalikuwa kweli, lakini mimi ni mtu wa wasiwasi na ninajua maneno hayo hayaingii. Nikamwambia tu kwamba hata mimi sitalala, na kwamba kesho nitafunga duka niende naye, nitasimama karibu na mlango.

Akauliza kama hapa kweli ni steji. Nikamwambia hapa ni dukani kwangu, amekalia chakula cha kuku. Akapapasa gunia. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na kwa sekunde moja nilidhani analia, nikashikwa na hofu mpya juu ya bendeji. Alikuwa anacheka. Alicheka kimya kimya, akijizuia, akimwita binti yangu kwa lugha ya kwetu jina ambalo siwezi kuliandika hapa, na binti akasema kwa uchungu kwamba yeye alileta vizuri, ni gari ndiyo ilichelewa.

Nilipotaka kuuachia mkono wake ili binti amwongoze, mama aliukaza. Akasema nimeshauvunja mwiko, kwa hiyo nisiuvunje nusu, kuna lami pale mbele. Basi tukavuka lami ya Kitale mchana kweupe, nimemshika mama mkwe mkono, na mtoto mwenye soksi machoni mgongoni kwangu. Watu wa kwetu wawili watatu walituona na wakatazama chini. Nyumbani, mke wangu alikuwa amefika na matone yake, na alipotuona tumeshikana mikono alikaa kwenye kiti kilekile cha barazani bila kuuliza. Rafiki yangu, aliyekuwa amerudi kutoka steji akihema, akasema sasa mbuzi wangu watakuwa wawili, mmoja wa mila na mmoja wa faini.

Asubuhi nilienda nao hospitalini. Nilivaa shati la kijani kwa sababu ndilo nililolipata gizani. Nilisimama karibu na mlango kama nilivyoahidi, macho kwenye sakafu, kwa sababu mkono ni mkono lakini uso ni jambo lingine, na sikujua kama ule mwiko ulibaki nusu. Daktari alikuwa binti mdogo mwenye sauti ya upole. Alikuwa anaeleza akifungua plasta: jicho lisiguswe na maji, lisiguswe na sabuni, wala mama asilie hata kama kuna msiba, hadi wiki kadhaa zipite. Nilisikia plasta ikibanduka. Nilisikia bendeji ikiwekwa kwenye sahani ya chuma.

Mama alinyamaza. Alinyamaza kwa muda ambao mimi nilishamzika baba mkwe upya, nikampeleka mama Kabuchai, nikamjengea kamba ya kushika kutoka nyumbani hadi chooni. Mke wangu akamuuliza kwa sauti ndogo anaona nini. Hakujibu. Daktari akamuuliza. Hakujibu.

"Huyo wa shati ya kijani ni nani?" akasema mwishowe.

"Ni mkwe wako, mama," mke wangu akasema.

Niliinua uso. Alikuwa ananitazama usoni, wazi, na jicho lake jekundu lililovimba, na hakuitafuta leso. Alinitazama kutoka juu hadi chini, polepole, kama mtu aliyepewa kitu chake baada ya miaka mingi na hana haraka ya kukimaliza. Akasema alidhani mimi ni mnene. Nilitaka kucheka na nikashindwa, midomo ikanigeuka, na machozi yakaanza kunimwagika mbele ya daktari na mke wangu.

"Usilie, mkwe," mama akasema. "Ukilia nitalia, na hili jicho limekatazwa maji."